Vyaelea Vimeundwa: Maisha ya Robert Bartini na Ndege Iliyokosa Jina

Utangulizi

Mfugaji wa Hadado, magharibi mwa Wajir, anapopotelewa na ngamia hahitaji picha wala hati ili amtambue baada ya miezi. Huangalia chapa iliyochomwa ngozini, huangalia nyayo mchangani, huangalia mwendo. Ngamia huweza kukonda kwa kiangazi hadi nundu ikalala, akachanganyika na kundi la watu wengine. Ilimradi chapa ipo, na yupo mtu ajuaye kuisoma, mnyama atarudi kwa mwenyewe. Utambuzi, basi, ni elimu ya alama, nayo si ya wafugaji peke yao. Mwanaisimu hutambua asili ya neno kwa sauti zilizobaki baada ya neno hilo kusafiri karne nyingi. Mhakiki wa miswada huutambua utenzi usio na jina la mtunzi kwa vina, kwa lahaja na kwa mwandiko.

Methali yetu husema kwamba vinavyoelea vimeundwa. Wengi tumeifundishwa kama wito wa kuheshimu juhudi. Hata hivyo, mwanafunzi wa sarufi atagundua jambo jingine: kitenzi chake kimo katika kauli ya kutendwa, na mtenda hakutajwa. Tunaambiwa kwamba vyombo vimeundwa. Hatuambiwi vimeundwa na nani. Makala haya yanamhusu mtu ambaye maisha yake yote yalikaa katika pengo hilo la kisarufi. Huyo ni Robert Bartini, mhandisi mzaliwa wa Ulaya ya kati aliyeunda ndege katika Muungano wa Kisovieti. Aliunda ndege zilizovunja rekodi akiwa gerezani, mawazo yake yaliruka yakiitwa kwa majina ya watu wengine, na chombo chake cha mwisho kiliwekwa makumbushoni kikiwa kimekatwakatwa hata wageni wakashindwa kukitambua. Tutaanza na chombo hicho, kisha tumfuate mwenyewe.

Kilicholala Monino

Kabla ya kuingia makumbushoni, yafaa tueleze istilahi moja. Kuna ndege ambazo hutua majini. Wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria na wa pwani ya Afrika Mashariki walizizoea kuanzia mwaka 1937, pale shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipozitumia katika njia yake ya kwenda kusini mwa Afrika. Zilitua Port Bell, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndege ya namna hiyo haivai maboya miguuni. Kiwiliwili chake chenyewe ni mashua. Kwa kuwa hatuna neno moja lililokubaliwa na wote, makala haya yatatumia ndege-mashua, na pale chombo kinapoweza kutua majini na nchi kavu pia, yatatumia neno amfibia.

Sasa tufike Monino, mashariki mwa Moscow, yalipo makumbusho makuu ya jeshi la anga la Urusi. Mwaka 1987 kilipelekwa huko chombo ambacho hakikufanana na kingine chochote uwanjani. Kilikuwa na kiwiliwili kirefu chembamba chenye chumba cha marubani mbele. Kila upande wa kiwiliwili hicho palikuwa na umbo jingine refu lililolala sambamba nacho, mithili ya ngalawa na matengo yake mawili. Katikati, vipande hivyo vitatu viliunganishwa na bawa pana na fupi. Mabawa ya nje hayakuwepo mahali pake. Mkia nao ulikuwa umeondolewa. Kimeketi nyasini, kikiwa kimeng'olewa viungo, hakikuwa ndege kwa macho wala hakikuwa mashua.

Mgeni angekitambuaje? Njia ya kwanza ni ya kuondoa visivyokuwa. Makumbusho hayo yana amfibia maarufu ya Kisovieti, Be-12, lakini hiyo ina injini mbili za rafadha na mabawa yaliyopinda kama ya shakwe. Hiki hakina rafadha hata moja. Pengine mgeni angekumbuka chombo kikubwa kilichofanyiwa majaribio katika Bahari ya Kaspi, kilichobuniwa na Rostislav Alexeyev. Hicho kilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 90 na injini 10, nacho kilizama mwaka 1980. Hiki cha Monino hakizidi mita 30.

Njia ya pili ni kusoma chapa. Chombo hicho kilisajiliwa kwa herufi za Muungano wa Kisovieti na nambari 19172, na kilipakwa rangi za shirika la usafiri wa raia, Aeroflot, ilhali kazi iliyokusudiwa ilikuwa ya kijeshi. Njia ya tatu, iliyo bora zaidi, ni kuuliza kila kiungo kilikuwa cha kazi gani. Maumbo mawili ya pembeni yalikuwa makao ya maboya makubwa ya kujazwa hewa. Katikati ya chombo paliachwa nafasi ya injini 12 za kukiinua wima kutoka chini, nazo hazikuwahi kufungwa. Injini mbili za kukisukuma mbele zilikaa juu, upande wa nyuma. Nyingine mbili zilikuwa karibu na pua, nazo ndizo humchanganya mtazamaji zaidi kwa sababu ziliongezwa baadaye, wakati chombo kilipopewa kazi mpya. Asomaye viungo hivyo kwa utaratibu hufikia jibu moja tu: VVA-14, amfibia ya Robert Bartini.

Herufi hizo tatu ni ufupisho wa maneno ya Kirusi yenye maana ya amfibia inayopaa wima. Katika ngano zetu popo alikataliwa na ndege kwa kuwa ana meno, akakataliwa na wanyama kwa kuwa ana mabawa. VVA-14 ilikuwa popo wa namna hiyo, na mtu aliyeiunda naye alikuwa vivyo hivyo: Waitaliano walimwona Mrusi, Warusi wakamshitaki kwa Uitaliano.

Kuzaliwa na ujana

Wasifu mwingi wa Bartini husema kwamba alizaliwa tarehe 14 Mei 1897 katika mji wa bandari wa Fiume, ambao wakati huo ulikuwa chini ya dola ya Austria na Hungaria, na leo unaitwa Rijeka nchini Kroatia. Kuhusu wazazi wake kuna masimulizi yanayomfanya mtoto wa nje ya ndoa wa mtu wa tabaka la makabaila, aliyeachwa mlangoni kwa watu wengine na baadaye akarudi katika nyumba ya baba yake bila ya yeyote kujua. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja muundo wa kuzaliwa kwa shujaa: asili iliyofichwa, malezi ya ugenini, utambulisho unaofunuliwa. Hatuna budi kuyapokea masimulizi hayo kama ngano iliyomzunguka mtu maarufu, tusiyachanganye na tarihi.

Tarihi inaanza kuwa thabiti katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kijana Bartini alipelekwa vitani katika jeshi la Austria na Hungaria, na mwaka 1916 alitekwa na Warusi. Alisafirishwa hadi Khabarovsk, mashariki ya mbali ya Urusi, akakaa katika kambi ya mateka. Mapinduzi ya 1917 yalimkuta huko. Alijifunza lugha ya waliomteka na kuzikubali fikra za Kikomunisti. Mwaka 1920 alirejea Ulaya, na kwa kuwa mji wake ulikuwa umeingia katika mzozo wa mipaka baada ya dola ya zamani kusambaratika, maisha yake yalihamia Italia. Alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Italia, akasomea uhandisi katika Chuo cha Ufundi cha Milano.

Oktoba 1922 Mussolini alishika madaraka. Mwaka uliofuata, 1923, Bartini aliondoka akaenda Muungano wa Kisovieti. Waliomjua walisimulia kwamba aliapa kuyatumia maisha yake ili ndege nyekundu ziruke kwa kasi kuliko ndege nyeusi. Nyekundu ilikuwa rangi ya Wakomunisti, na nyeusi ilikuwa rangi ya mashati ya Mafashisti. Kiapo hicho ndicho uzi unaoshona sehemu zote za maisha yake, na ndicho kinachoyafanya mambo yaliyompata baadaye kuwa machungu.

Miaka ya chuma na maji

Bartini alianza kazi katika uwanja wa majaribio ya ndege jijini Moscow, kisha akahudumu katika kikosi cha anga cha Bahari Nyeusi. Bahari ilimvutia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alikabidhiwa kundi la wahandisi waliobuni ndege za majini. Mwaka 1930 aliandika waraka wa kuukosoa mfumo wa kuwakusanya wabunifu wote chini ya ofisi moja kubwa, na kwa sababu hiyo akaondolewa katika wadhifa wake. Wanahistoria wa anga huhusisha kazi ya kundi lake na ndege-mashua kadhaa zilizojengwa baadaye na wahandisi wengine na kuitwa kwa majina yao. Huo ulikuwa mwanzo wa desturi iliyomfuata hadi kaburini.

Alipata makao mapya katika taasisi ya utafiti ya usafiri wa anga wa raia. Huko aliunda ndege za mfululizo ulioitwa Stal, neno la Kirusi lenye maana ya chuma cha pua, kwa kuwa madini hayo yalitumika sana katika ujenzi wake. Mwaka 1933 ndege yake ndogo ya majaribio, Stal-6, ilifikia kasi ya takriban kilomita 420 kwa saa, wakati ambapo ndege nyingi za kivita za nchi hiyo hazikufikia 300. Siri ya kasi hiyo ilikuwa katika kupunguza kila kinachokinzana na upepo. Gurudumu liliingizwa ndani baada ya kupaa, na joto la injini lilipozwa kwa mvuke uliopita ndani ya ngozi ya mabawa badala ya kifaa kilichochomoza nje.

Hakuyasahau maji. Katikati ya miaka ya 1930 aliunda ndege-mashua iliyoitwa DAR, iliyokusudiwa kufanya doria ya masafa marefu katika Bahari ya Aktiki. Ilitakiwa kutua majini na hata juu ya barafu. Ilijengwa moja tu. Hapo tayari tunaona swali ambalo Bartini alilirudia maisha yake yote: je, chombo kinaweza kuachiliwa kutoka katika utumwa wa njia ya kurukia? Kwa nchi yenye maelfu ya kilomita za barafu, tundra na bahari, swali hilo halikuwa la anasa. Msomaji wa Wajir, ambako mvua moja kubwa huweza kuigeuza barabara kuwa tope na kuukata mji na mwingine kwa siku nyingi, ataelewa bila ya kuelezwa sana.

Kisha ikaja Stal-7, ndege ya abiria yenye injini mbili na mabawa yaliyokunjwa kidogo karibu na kiwiliwili. Ilikuwa na kasi na masafa ambayo ndege za abiria za wakati huo zilikuwa nayo kwa nadra. Kabla ya kuimaliza kazi yake, aliyeibuni alikamatwa.

Kifungoni

Bartini alikamatwa Februari 1938, katika miaka ambayo utawala wa Stalin uliwamaliza maafisa, wanasayansi na wasanii kwa maelfu. Alishitakiwa kwa uhusiano na Jemadari Tukhachevsky, aliyekuwa ameuawa mwaka 1937, na kwa upelelezi kwa niaba ya Mussolini. Tulitafakari shitaka hilo la pili. Mtu aliikimbia nchi kwa sababu ya Mussolini, akaapa kuzishinda ndege zake, kisha akahukumiwa miaka 10 kwa kumtumikia. Ushahidi mkubwa ulikuwa asili yake.

Tarehe 28 Agosti 1939, Stal-7 iliruka kilomita 5,068 bila ya kutua kwa wastani wa kasi ya kilomita 405 kwa saa, ikaweka rekodi ya kimataifa. Rekodi iliandikwa; mbunifu alikuwa mfungwa. Mhandisi Vladimir Yermolayev, aliyekuwa amefanya kazi chini yake, aliigeuza ndege hiyo ya abiria kuwa ya kudondosha mabomu, nayo ikaitwa Yer-2 kwa herufi za mwanzo za jina la Yermolayev. Agosti 1941 ndege za Yer-2 zilikuwa miongoni mwa zilizotumwa kuishambulia Berlin. Hapana dalili kwamba Yermolayev aliiba kitu. Alikiokoa chombo ambacho kingekufa pamoja na jina la mfungwa. Lakini hivyo ndivyo mtenda anavyofutika katika sentensi: si lazima awepo mwizi, yatosha iwepo hofu ya kumtaja.

Bartini hakupelekwa kukata magogo hadi kufa, kama walivyopelekwa wengine wengi. Dola ilikuwa imegundua kwamba mhandisi aliyefungwa bado ni mhandisi. Alitiwa katika ofisi ya ubunifu iliyokuwa gereza, pamoja na Andrei Tupolev, mbunifu mashuhuri kuliko wote wa nchi hiyo. Wafungwa walichora ndege za kivita chini ya walinzi, na vita vilipokaribia Moscow walihamishiwa Omsk, Siberia. Miongoni mwao alikuwamo Sergei Korolev, ambaye miaka mingi baadaye aliongoza kazi ya roketi zilizompeleka binadamu wa kwanza angani. Tupolev aliachiliwa mwaka 1941. Bartini alibaki kifungoni katika miaka yote ya vita.

Hapa historia hiyo ya mbali inaigusa ardhi yetu kwa namna isiyotarajiwa. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na katika siku chache ndege zake zilizokuwa Ethiopia na Somalia zikaanza kuishambulia kwa mabomu Wajir, mji wa kaskazini mwa Kenya wenye visima vya kale na uwanja wa ndege wa Waingereza. Ndege nyeusi alizoapa kuzishinda Bartini zilipita juu ya wafugaji ambao ugomvi huo haukuwa wao. Mwezi huohuo yeye alikuwa mfungwa kwa tuhuma ya kuwa mtu wa ndege hizo. Mfugaji aliyezitazama angani na mhandisi aliyezipinga kwa karatasi na kalamu ya risasi hawakupata kujuana, lakini wote wawili walilipa gharama ya serikali moja.

Kuachiliwa kwake kulikuja baada ya vita, na mwaka 1956, baada ya kifo cha Stalin, alisafishwa rasmi jina lake. Mahakama zilikiri kwamba hapakuwa na kosa. Miaka haikurudi.

Amfibia inayopaa wima

Mtu mwingine angetaka kustarehe. Bartini alichora. Akiwa Taganrog, mji ulio kando ya Bahari ya Azov, alibuni ndege kubwa ya mizigo ambayo haikumalizwa. Katika miaka ya 1950, akiwa Novosibirsk, alibuni ndege kubwa ya kivita yenye mwendo wa kasi kuliko sauti, ambayo ingeweza kutua majini. Haikujengwa, lakini utafiti wake kuhusu umbo la bawa huhusishwa na kazi iliyofanywa baadaye kwa ndege ya abiria ya Tu-144. Mwaka 1965 alichapisha makala ya fizikia kuhusu uhusiano wa vipimo vya msingi vya maumbile, iliyowasilishwa katika jarida la Akademia ya Sayansi na mwanafizikia Bruno Pontecorvo, Mtaliano mwenziwe aliyehamia Urusi. Wasomaji kadhaa walidhani ni mzaha. Mwaka 1967 alitunukiwa Nishani ya Lenin.

Katika miaka hiyo Marekani ilikuwa na nyambizi zilizobeba makombora ya Polaris. Nyambizi moja iliyojificha baharini ingeweza kuiangamiza miji kadhaa, na kuipata ilikuwa sawa na kutafuta sindano kwenye ghuba. Bartini alipendekeza chombo ambacho kingepaa wima kutoka popote, kiruke kwa kasi hadi eneo la hatari, kitue juu ya maji kikiwa kimefungua maboya yake, kikae kimya kisikilize chini ya bahari, kisha kipae tena. Kingekuwa helikopta, ndege na mashua kwa pamoja. Serikali iliidhinisha kazi hiyo mwaka 1965, na baadaye ikahamishiwa Taganrog, kwa ushirikiano na kiwanda cha Beriev kilichobobea katika ndege-mashua.

Mpango ulikuwa wa kujenga vyombo vitatu vya majaribio. Cha kwanza kingeruka kama ndege ya kawaida ili kupima umbo lake. Cha pili kingefungwa injini 12 za kuinua. Cha tatu kingekuwa na silaha. Kilikuwa na urefu wa karibu mita 26, upana wa takriban mita 30 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya pili, na uzito wa hadi tani 52. Tarehe 4 Septemba 1972 kilipaa kwa mara ya kwanza kutoka uwanja wa kawaida, kwa magurudumu. Kilikuwa chombo chenye sura ya ajabu, lakini marubani walikiongoza salama.

Tatizo lilikuwa injini. Zile 12 za kuinua, ambazo zilitakiwa kutengenezwa na kiwanda kingine, hazikufika. Mwaka ulipita, na mwingine. Maboya ya kujazwa hewa, kila moja likiwa na urefu wa mita 14, yalifungwa mwaka 1974. Desemba ya mwaka huohuo Bartini alifariki dunia Moscow akiwa na umri wa miaka 77. Tarehe 11 Juni 1975, miezi sita baada ya kifo chake, VVA-14 iliruka maboya yake yakiwa yamejazwa hewa. Kufikia mwisho wa majaribio hayo ilikuwa imeruka mara 107. Haikupaa wima hata mara moja. Jina lake liliahidi kitendo ambacho haikuwahi kukitenda.

Wenzake walijaribu kuiokoa kwa kuibadilishia kazi. Walirefusha kiwiliwili, wakaongeza injini mbili karibu na pua ili zipulize hewa chini ya bawa la katikati, chombo kiteleze juu ya mto wa hewa karibu na uso wa maji. Sura yake mpya, yenye pua moja katikati ya injini mbili, iliwafanya mafundi wamkumbuke joka wa ngano za Kirusi mwenye vichwa vitatu. Majaribio yalifanyika mwaka 1976, kisha mradi ukafungwa. Vyombo vile viwili vingine havikumalizwa. Kilichobaki kilikaa zaidi ya miaka 10, hadi kilipopelekwa Monino kikiwa vipande vipande.

Hitimisho

Tumesema kwamba utambuzi ni elimu ya alama. Katika maisha ya Bartini alama hizo ni tatu. Ya kwanza ni kukataa kuuchukulia mpaka kati ya maji, nchi kavu na hewa kuwa wa kudumu; ipo katika DAR ya miaka ya 1930 na ipo katika VVA-14. Ya pili ni kuondoa kila kisichohitajika ili kasi iongezeke, kama ilivyoonekana katika Stal-6. Ya tatu ni huzuni ya kutokumalizika: kila mara chombo kilikuwa tayari, na kitu kimoja kilikosekana, iwe ni injini, iwe ni uhuru, au iwe ni jina. Azijuaye alama hizo ataitambua kazi ya mkono wake hata pale kibao cha makumbusho kinapokuwa kimya.

Je, kiapo kilitimia? Ndege nyekundu ziliruka kwa kasi kuliko nyeusi, na baadhi yake zilibeba fikra zake. Lakini dola aliyoiapia ilimfunga, na dola hiyohiyo ilisambaratika mwaka 1991. Kipimo cha maisha yake hakiwezi kuwa ushindi wa bendera. Kipo katika jambo dogo zaidi: kwamba aliyenyang'anywa miaka, ofisi na jina aliendelea kuchora kwa uangalifu uleule, na kwamba waliofanya kazi naye hawakukubali asahaulike. Kaburi lake Moscow limeandikwa kumbukumbu ya kile kiapo cha ujanani.

Kwetu sisi wa taaluma ya Kiswahili, funzo halipo katika anga peke yake. Jahazi za pwani zimeundwa, na mafundi wengi wa Lamu waliozipiga misumari hawamo katika kitabu chochote. Visima vya Wajir vimechimbwa, na vimewanywesha watu na mifugo kwa vizazi, bali majina ya waliovichimba yanazidi kufifia kila mzee mmoja anapozikwa. Tungo nyingi zimetungwa, na chini yake tunaandika kwamba mtunzi hajulikani, kana kwamba kutojulikana ni tabia yake na si uzembe wetu. Mwanafunzi anayekwenda likizo Hadado, Pate au Kisumu akiwa na daftari anaweza kuuliza swali ambalo methali imelinyamazia. Ajibu la kwanza likiwa jina la mtu mmoja, mwaka mmoja na kazi moja, sentensi itakuwa imempata mtenda wake.